Kodi ya Miezi Sita

Barua ya kuniruhusu kwenda masomoni niliipata mwaka 2016, nikiwa daktari wa hospitali ya wilaya mkoani Singida. Ilisema nimeruhusiwa kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani kwa miaka mitatu, mshahara utaendelea kulipwa, na nikimaliza nirudi kituoni. Niliirudia nikitafuta neno lolote kuhusu nyumba. Halikuwamo.

Wilayani nilikaa nyumba ya serikali, hatua chache kutoka geti la hospitali. Pango lake lilikuwa dogo kiasi cha kusahaulika. Nilikuwa na kuku, mchicha nyuma ya jiko, na mama mmoja wa Kinyaturu aliyeniletea maziwa kwenye chupa ya soda na kulipwa mwisho wa mwezi. Nikiamshwa usiku kwenda kumpasua mjamzito, kulikuwa na posho ya kol. Ilichelewa, mara nyingine ikaja ya miezi kadhaa kwa mkupuo, lakini ilikuja. Dar es Salaam nilihamia na mshahara uleule, bila kuku, bila mchicha na bila posho, kwa kuwa kwenye makaratasi sasa nilikuwa mwanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyeshika wodi, ndiye aliyepigiwa simu mgonjwa akibadilika, na ndiye aliyesaini vyeti vya vifo saa kumi alfajiri.

Chumba nilitafutiwa na dalali wa Kimara, kijana mwenye kofia ya Yanga na simu mbili. Alinitembeza mtaa hadi mtaa juani, kila tunapofika akisema hiki sasa ndicho chenyewe. Mwishowe tukasimama kwenye chumba na sebule, choo ndani. "Maji ya Dawasco yapo, dokta, na luku mnashea wawili tu." Kodi laki mbili na nusu kwa mwezi. Nikamuuliza kama naweza kulipa mwezi kwa mwezi. Akacheka kwa adabu.

"Mwenye nyumba anachukua miezi sita. Na hapo ni kwa heshima yako, dokta. Wengine anawadai mwaka."

Milioni moja na nusu ya mwenye nyumba, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Fedha hizo sikuwa nazo. Nilikwenda benki nikaonyesha hati ya mshahara, nikasaini mkopo wa miaka minne kwa ajili ya masomo ya miaka mitatu. Niliingia chuoni nikidaiwa kabla sijajua ukumbi wa mihadhara uko upande gani.

Anayedhani daktari wa serikali anakufa njaa anakosea, na anayedhani ni tajiri anakosea zaidi. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa milioni moja na laki nne na ushee, na kwa nchi yetu hizo ni fedha. Ila hati ya mshahara isome kutoka juu kwenda chini. Pensheni 5%. Bima ya afya 3%. Chama cha wafanyakazi 2%. Kodi ya mapato, ambayo kwa tabaka la juu la mshahara ilikuwa 30%. Kisha Bodi ya Mikopo. Mwaka huohuo wa 2016 Bunge lilibadilisha sheria, marejesho ya mkopo wa elimu ya juu yakatoka 8% hadi 15% ya mshahara wa msingi, na sisi tuliosomeshwa udaktari kwa mkopo tuliona mshahara umepungua ndipo tukaanza kuulizana kulikoni. Chini kabisa, mkopo wa benki. Kilichobaki kilikuwa laki tano na kidogo, na kodi inayofuata inanyemelea. Serikali nayo, ikiwasaka watumishi hewa, ilikuwa imesimamisha kupandisha vyeo na nyongeza za mwaka. Nyongeza iliyopigiwa makofi ilitangazwa Mei 2022, nikiwa nimeshamaliza zamani.

Mtu atauliza kwa nini hatukudai. Tulishadai. Mwaka 2012 nilikuwa interni, daktari wa mafunzo kwa vitendo. Mgomo wa madaktari ulianza Januari kwa malalamiko ya posho za mainterni, ukapanuka hadi mishahara, nyumba, bima na vifaa vya kazi, ukatulia, ukarudi tena Juni. Mwishoni mwa mwezi huo Dk. Steven Ulimboka, aliyekuwa akiongoza jumuiya ya madaktari, alitekwa usiku, akapigwa na kuumizwa vibaya, akatupwa katika msitu wa Mabwepande. Mainterni wengi tulisimamishwa na kuitwa mbele ya Baraza la Madaktari. Nilikaa kwa dada yangu Tabata nikisubiri kuambiwa kama bado mimi ni daktari, huku shemeji akiniuliza kila jioni, kwa upole kabisa, "Shemeji, hivi na uuguzi ungekubali?"

Tulirudishwa kazini, tukamaliza, tukatawanyika mikoani. Sikumbuki mtu yeyote wa kundi langu kupaza tena sauti juu ya mshahara katika kikao. Tulichojifunza hakuna aliyekisema hadharani, lakini kila mmoja alikifuata: usidai na wenzako, tafuta usiku wako. Ndiyo maana nasema patitaimu ya madaktari wa Dar es Salaam kwenye hospitali binafsi, ile tuliyoiita pati kwa mkato, ilianza pale mgomo ulipoishia. Ilikuwepo kabla, najua. Lakini baada ya 2012 ndiyo iliyobaki.

Usiku wangu wa kwanza niliununua. Rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa kama mimi, aliyenitangulia mwaka mmoja alinivuta pembeni baada ya raundi akaninong'oneza kwamba ana Ijumaa yake Mbagala hataiweza tena, mke amejifungua. Hakutaka fedha. Alitaka nimshikie kol mbili za wodini. Nilikuja kugundua kwamba soko hilo lilikuwa pana na lenye adabu zake. Usiku wa Jumamosi ulikuwa ghali kuliko wa Jumanne. Usiku wa sikukuu uliuzwa miezi kabla. Hospitali ya Masaki ilirithishwa kwa rafiki wa karibu tu, ya Gongo la Mboto ungeokota hata kwenye korido. Nani yuko wapi usiku gani, tulijua wote. Wakufunzi walijua. Mratibu wa idara alijua, maana alipopanga ratiba alisikika akisema, "Huyu Alhamisi msimwekee, atakosa kuonekana." Mtumishi wa umma anapaswa kupata ridhaa ya mwajiri akitaka kazi ya nje. Mwajiri wangu alikuwa halmashauri iliyo kilomita mia kadhaa, ambayo hata ada ya chuo ilinilipia kwa barua za kukumbushia. Sikuomba. Hakuna aliyeomba.

Basi Ijumaa nikitoka wodini natembea hadi Kariakoo, napanda daladala la Mbagala Rangi Tatu nikiwa nimesimama, koti jeupe limekunjwa kwenye mfuko wa Rambo ili lisijulikane. Hospitali yenyewe ilikuwa nyumba ya ghorofa moja nyuma ya stendi, jenereta ukutani, mbele kijana wa chipsi aliyefunga saa nane usiku. Wodi ya wanaume, ya wanawake, chumba cha kujifungulia, maabara ya mtu mmoja. Watu wa pale usiku walikuwa mlinzi wa Kimasai, mhudumu wa mapokezi, mkunga mmoja mama mtu mzima aliyestaafu serikalini, nesi kijana, na mimi. Elfu hamsini kwa usiku, taslimu, ndani ya bahasha iliyowahi kutumika. Ukichukua Ijumaa na Jumapili mwezi mzima, unapata laki nne. Kwa mtu aliyebakiwa na laki tano, laki nne ni maisha mengine.

Mkunga nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu mpaka mbele ya wagonjwa. Alikuwa ameanza kazi miaka ya sabini. Ndiye aliyenisimulia kwamba enzi zile hospitali kama hii isingekuwepo. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku watu binafsi kuendesha tiba kwa faida, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini, na aliyetibu nyumbani kwake alitibu kwa kificho. Mlango ulifunguliwa tena 1991. "Madaktari walikuwepo, njaa ilikuwepo," alisema akikunja shuka. "Ila hapakuwa na pa kuipeleka." Mshahara wake mwenyewe serikalini, miaka ile ya themanini ya foleni za sukari, aliuongezea kwa kuuza vitumbua. Aliniuliza kwa dhati kama nimefikiria vitumbua.

Mwenye hospitali hakuwa daktari. Alikuwa mfanyabiashara aliyeanza na duka la dawa, mtu mchangamfu, aliyewajua watoto wetu wote kwa majina na kuwanunulia juisi. Alikuwa na daftari la jalada gumu. Kila daktari alikuwa na ukurasa wake humo: wagonjwa wangapi, vipimo vingapi, sindano ngapi, waliolazwa wangapi. Mwisho wa mwezi alikuita ofisini, anakukaribisha chai, analifungua.

"Dokta, wewe wagonjwa wanakupenda. Ila vipimo vyako mbona vichache? Mwenzako wa Jumatano mgonjwa wa homa hatoki bila kupima taifodi na mkojo."

Hapo ndipo penye utamu na uchungu wa kazi ile, na siwezi kupapita haraka. Ukitaka kuelewa kwa nini kila mtu Dar es Salaam anajijua kuwa ana taifodi na UTI, usianzie kwenye maji machafu, anzia kwenye daftari lile. Kipimo cha taifodi kinachotumika mitaani ni Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896. Hakitafuti mdudu, kinatafuta kingamwili. Aliyewahi kuugua au kuchanjwa, au kukumbana na vijidudu vya ukoo huohuo, anaweza kuzibeba kingamwili hizo muda mrefu, na kipimo kimoja kisicholinganishwa na kingine cha siku kadhaa baadaye hakikwambii anaumwa nini leo. Lakini kinatoa namba, moja kwa themanini, moja kwa mia na sitini, na namba mbele ya mgonjwa ina heshima kuliko daktari anayesema hajui. Mkojo nao, ukiutazama kwa hadubini, hukosi chembe mbili tatu za usaha. Hapo tayari una magonjwa mawili, sindano za siku tano, na ukurasa mnono.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa upande wa daftari. Ukimwambia mtu aliyelipia kumwona daktari kwamba ana mafua, akapumzike na anywe maji, anakuona umemdhulumu. Mama mmoja alisimama mlangoni akaniuliza kama nimesomea Tanzania. Nikajifunza kubembeleza, na kubembeleza kunachukua dakika kumi, na nje foleni imefika kwa kijana wa chipsi. Kuna usiku nilishinda. Kuna usiku niliandika kipimo cha mkojo kwa kuwa nimechoka kubishana, nikijua fika sikihitaji. Wodini kwetu, kwenye hospitali ya kufundishia, hakuna aliyenifundisha kubishana na mgonjwa mwenye fedha yake mkononi. Kule mgonjwa anakuja akiwa hoi, hana la kuchagua, na daktari anasema anachotaka.

Wakufunzi wangu hawakupenda kusikia hili, lakini nalisema: nusu ya udaktari wangu niliupata Mbagala. Wodini rezidenti ana bingwa juu yake, profesa juu ya bingwa, maabara ya kupima kila chumvi ya damu, mashine ya CT. Unajifunza kujua. Mbagala unajifunza kuamua bila kujua, na huko nilikotoka Singida, nilikotakiwa kurudi, ndivyo kazi ilivyo.

Usiku mmoja, saa tisa imepita, bajaji ilipanda hadi barazani. Mama mmoja wa makamo na kijana wake, ishirini na kitu, muuza samaki wa Feri, hawezi kusimama. Mama alikuwa na mfuko wa nailoni wenye risiti na pakiti za dawa za wiki nzima. Sehemu mbili alikopita waliandika taifodi na UTI, sindano kapigwa, kutapika hakujaacha. Kijana alikuwa anapumua kwa kina na kwa haraka, kifua kizima kinapanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia, na pumzi yake ilinuka tunda lililooza. Midomo imekauka. Suruali kaifunga kwa kamba.

"Mama yangu, ameanza lini kukonda?"

"Tangu mfungo, dokta. Na maji. Anamaliza ndoo."

Mashine ya kupimia sukari pale ilisoma mwisho 33.3. Haikutoa namba, iliandika tu kwamba imevuka upeo. Kisukari, kimefika pale damu inapogeuka asidi. Mapokezi akaniuliza kama faili limelipiwa. Mama akatoa simu, akampigia kaka yake Tandika, fedha ikaingia kwa M-Pesa, na wakati huo Mama Mkunga alishaweka dripu bila kungoja mtu.

Kitabu kinasema maji ya chumvi, halafu insulini. Insulini ilikuwepo, kwenye friji ya ofisi ya mwenye hospitali, ufunguo kwa mlinzi. Niliuchukua. Nikafungua friji nikasimama nayo mkononi. Kijana ametapika wiki nzima, na anayetapika hupoteza potasiamu. Insulini inaposukuma sukari kuingia kwenye seli, inaisukuma na potasiamu, na ikiwa iliyobaki kwenye damu ni kidogo, moyo unaweza kusimama. Maabara yetu ya mtu mmoja haikuwa na uwezo wa kuipima. Wodini ningetuma damu na jibu lingekuja. Hapa jibu lilikuwa ni mimi. Nikairudisha insulini kwenye friji. Nikampa maji, lita ya kwanza ndani ya saa moja, nikampigia mwenye hospitali kumwamsha aruhusu mafuta ya ile Noah tuliyoiita ambulensi, nikaandika barua ya rufaa ndefu, yenye saa ya kila kitu, na sentensi moja niliyoipigia mstari: insulini haijaanza, potasiamu haijulikani. Nesi akaenda naye. Mimi sikuweza, kwani hospitali ingebaki bila daktari. Nikampigia rezidenti mwenzangu aliyekuwa zamu ya dharura. Alipokea kwa sauti ya usingizi. "Uko wapi wewe?" Kisha, kabla sijajibu: "Aa. Mlete."

Asubuhi kijana alikuwa kwenye kitanda changu, kwa maana ya wodi yangu. Interni alimsoma kwa profesa: kaletwa usiku kutoka hospitali binafsi ya pembezoni. Profesa akashusha pumzi, akaanza hotuba aliyoizoea kuhusu watu wa vichochoroni wanaoua wagonjwa kisha wanatuletea sisi. Kisukari cha namna hii kalala nacho usiku huko, hata insulini hawakumpa! Nilikuwa nimesimama nyuma ya wenzangu, nguo ni zilezile za jana. Interni, kijana mwaminifu, akasema kuna barua. Profesa akaisoma. Akauliza potasiamu ilikuwa ngapi walipoipima dharura.

"2.9, profesa."

Ilikuwa chini ya kiwango ambacho insulini inaruhusiwa kuanza. Wangetakiwa kurudisha potasiamu kwanza, na ndivyo walivyofanya. Profesa akaisoma barua tena, safari hii taratibu, na mimi nikajua kinachosomwa sasa ni mwandiko. Alikuwa amesahihisha karatasi zangu mwaka mzima. Akaikunja, akairudisha kwenye faili, akasema, "Tuendelee." Yeye mwenyewe saa tisa alasiri alikuwa na kliniki yake mjini, na gari lake tulilijua lilipoegeshwa.

Gharama nyingine za mji ule hazikuwa na risiti. Daktari akifika Dar es Salaam, ukoo mzima una hospitali. Walikuja kwa basi kutoka nyumbani na mashuka yao, wakalala sebuleni, nikawasindikiza kliniki, na nauli ya kurudi ikawa juu yangu. Michango ya harusi ilinifikia kwa WhatsApp, makundi matatu kwa mpigo, na mtu hakuthubutu kuandika elfu ishirini. Kamati ingeuliza kama dokta anaumwa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, alibaki Singida. Uhamisho wa kumfuata mke aliambiwa usubiri. Nyumba mbili, sufuria mbili, gesi mbili. Mtoto alikuwa nami, na dada wa kumlea alilipwa kabla ya mtu yeyote, hata mimi, kwa sababu bila dada hakuna kol wala pati. Nilikuwa daktari wa mchana kwa ruhusa ya serikali, na daktari wa usiku kwa ruhusa ya dada wa kazi. Siku moja alinitumia ujumbe kwamba mtoto kaanza kumwita mama. Aliuandika kama habari njema.

Mama mkwe alikuja kututembelea, akaniona nachambua sarafu za basi la mwendokasi, maana nauli ilikuwa 650 na nilitaka ikae kamili. "Mwanangu," akasema, "huu udaktari unausomea au unaununua?"

Nilikuwa nanunua kweli. Ili kupata ubingwa lazima uandike tasnifu, na ya kwangu ilihitaji kupima wagonjwa wa kisukari kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ambacho vitendanishi vyake havitolewi bure. Fedha za utafiti zilitakiwa kutoka kwa mwajiri, na mwajiri alikuwa bado anajibu barua ya ada. Niliongeza usiku wa Jumatano. Nilihojiwa kwa saa nzima kuhusu takwimu zile nilipoitetea, na hakuna aliyeuliza nani alilipia. Walijua, nao walilipia za kwao hivyohivyo.

Nina mwenzangu tuliyesoma naye darasa moja, alifaulu mitihani ya Marekani akaenda kufanya urezidenti Detroit. Tulikuwa tunapigiana simu Jumapili, yeye akitoka zamu, mimi nikingoja bajaji. Wenzetu wana kikomo: saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki nne, na kazi ya pembeni inahesabiwa humohumo. Kikomo hicho kilianzia New York baada ya binti wa miaka 18, Libby Zion, kufariki mwaka 1984 mikononi mwa madaktari wanafunzi. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari na hakunyamaza. Kanuni ikawa ya jimbo 1989, ya nchi nzima 2003. Nilimwonea wivu. Naye akanionea mimi. Yeye alikuwa na viza ya J-1, inayomkataza daktari mgeni kufanya kazi yoyote ya pembeni, wakati Wamarekani wenzake wakipata kwa usiku mmoja fedha ambayo ingelipa nusu ya kodi yake. "Huku kila kitu kimeandikwa," aliniambia. "Hata umaskini wangu umeandikwa." Sisi hatukuwa na kikomo kwa kuwa hatukuwa na hesabu. Hakuna mahali popote, mchana wala usiku, palipoandikwa saa nilizofanya kazi. Ratiba ya wodi ilijua kol zangu, daftari la Mbagala lilijua usiku wangu, na daladala la alfajiri lililozipatanisha halikuwa na kalamu.

Kuna asubuhi nililala kwenye kikao nikiwa nimefumbua macho, nikaitwa kujibu swali, nikajibu swali la mgonjwa mwingine. Watu walicheka. Hakuna mgonjwa aliyedhurika asubuhi ile, ninavyojua, na kile kifungu "ninavyojua" nakiweka kwa makusudi. Uchovu haujazi fomu. Ukiniuliza leo kama pati zipigwe marufuku, nitakuuliza Mbagala usiku itabaki na nani. Ondoa marezidenti na madaktari wa serikali katika hospitali binafsi za Temeke, Ubungo na Kinondoni wikiendi moja tu, kisha usimame stendi uhesabu bajaji. Kinachoniudhi ni kwamba kazi inayobeba mji mzima inafanywa kama wizi, koti limekunjwa ndani ya mfuko.

Nilifaulu mtihani wa mwisho 2019, nikarudi Singida kama barua ilivyosema, safari hii kwenye hospitali ya mkoa. Mkopo wa benki uliisha mwaka mmoja baada ya masomo yenyewe. Nyumba ya serikali haikuwepo tena, kuku wapo. Kijana wa Feri alinipigia simu mwaka jana, namba aliipata kwa Mama Mkunga. Ana mke, anajichoma insulini mwenyewe, na alitaka kujua kama anaweza kufunga Ramadhani. Tuliongea muda mrefu kuhusu daku.

Mji wa Singida nao umekua. Miezi michache iliyopita mwenye hospitali mpya karibu na stendi alinifuata ofisini, akanikaribisha Jumamosi na jioni mbili za wiki, kwa kuwa mkoa mzima mabingwa wa magonjwa ya ndani hatujai bajaji. Nilimpa masharti. Malipo kwa saa, siyo kwa vipimo. Daftari la mapato lisiwe na ukurasa wangu. Insulini ikae kwenye friji ya wodi, ufunguo kwa nesi. Saa zangu ziandikwe, nakala apelekewe mganga mfawidhi wangu, nami niombe kibali rasmi. Alisikiliza vizuri, akiitikia kwa kichwa, akanisifu kwamba niko makini. Kiwango cha saa alikubali papo hapo, tena akaongeza. Insulini alikubali. Daftari alicheka, akakubali.

Akaniomba tu tusiandikishane.